Maswali ya Wasomaji: Chuo kikuu binafsi kipi kina jina?

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, barua zinazoletwa kwenye ukurasa huu huwa na swali lile lile kwa sura mbalimbali: twende chuo gani, na tutajuaje kuwa ni kizuri? Tumechagua sita. Majina ya waandishi tumeyaacha.

Binti yangu amepata prinsipali tatu: Uchumi C, Jiografia C na Historia D. Anataka shahada ya biashara. Vyuo vitatu binafsi vimeshampa barua za udahili. Baba yake anasema tuchukue chenye jina, shangazi yake anasema tuchukue kinachochuja wanafunzi zaidi. Tutajuaje kipi ni kipi?
*Mama wa wanne, Mbale*

Mama, mpe binti hongera zetu. Tuanze na la shangazi, maana ndilo linalopoteza wengi.

Hapa Uganda si desturi ya vyuo binafsi kutangaza walioomba ni wangapi na waliokubaliwa ni wangapi. Kwa hiyo anayekuambia kwamba chuo fulani kinachukua mmoja kati ya watano, mwombe akuonyeshe alikoisoma hesabu hiyo. Kinachojulikana ni kiwango cha chini kinachosimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, chini ya sheria ya vyuo ya mwaka 2001: prinsipali mbili (masomo makuu ya kidato cha sita uliyofaulu kwa E hadi A) zilizopatikana katika kikao kimoja pamoja na cheti cha kidato cha nne, au stashahada inayotambuliwa, au mtihani wa watu wazima kwa aliyetimiza miaka 25. Kwa kozi kama biashara, vyuo binafsi vingi havipandi juu ya kiwango hicho. Mwenye E mbili anaingia, mwenye A tatu anaingia, na wanakaa darasa moja. Binti yako kupata barua tatu hakusemi lolote kuhusu ubora wa vyuo vile, wala ubaya wake.

Kuchuja kupo, ila kwa kozi hizi hufanyika mwishoni badala ya mwanzoni. Na mwishoni kuna karatasi unayoweza kuisoma mwenyewe: kitabu cha mahafali. Kila sherehe ya kuhitimu huwa na orodha ya wahitimu iliyopangwa kwa kozi na kwa daraja la shahada. Tafuta vitabu viwili vya miaka inayofuatana. Aliyehitimu mtaani kwenu anacho kabatini, na vyuo vingine huiweka orodha kwenye tovuti. Fungua ukurasa wa shahada ya biashara, uchukue kalamu.

Angalia kwanza namba za usajili kama zimechapishwa, kwa sababu mara nyingi hubeba mwaka wa kuingia. Kozi ya biashara ni ya miaka mitatu. Kama wahitimu wa mwaka fulani wengi waliingia miaka mitatu nyuma, mambo yanakwenda. Kama nusu yao waliingia miaka mitano au sita nyuma, kuna kitu kinawakwamisha: alama zinazopotea, msimamizi wa utafiti asiyepatikana, au ada iliyowashinda njiani. Chuo chenye alama zinazopotea kitamtesa hata mwanafunzi hodari, kwa hiyo hapa usione haya kuuliza maswali makali.

Kisha angalia madaraja. Katika vyuo vyetu vingi daraja la kwanza huanzia wastani wa 4.40 kati ya 5.00, la pili la juu 3.60, la pili la chini 2.80, na kufaulu tu 2.00. Ukikuta darasa la watu 60 ambamo 20 wana daraja la kwanza, na kumbuka wengi wao waliingia kwa prinsipali mbili dhaifu, sisi tungeshuku usahihishaji kabla ya kusifu ufundishaji. Waajiri nao hushuku, hasa mabenki, ambayo siku hizi huwapa waombaji mtihani wao wenyewe.

Sasa jina. Baba hajakosea kabisa, ila jina la chuo lina tabaka zake. Kuna umri na mwenye chuo. Chuo Kikuu cha Kiislamu hapo kwenu Mbale, IUIU, kilifunguliwa mwaka 1988 na ndicho kikongwe kati ya vyuo vikuu visivyo vya serikali nchini. Uganda Martyrs ya Nkozi ni ya Kanisa Katoliki, ya mwaka 1993. Uganda Christian University ya Mukono, UCU, ilizaliwa mwaka 1997 kutoka chuo cha theolojia cha Bishop Tucker, nayo ilikuwa ya kwanza kati ya vyuo binafsi kupewa hati ya kudumu, mwaka 2004. Kampala International University ya Kansanga, KIU, ilianza mwaka 2001. Vyuo vya dini vina masharti yanayoingia hadi kwenye ratiba: Mukono, kila mwanafunzi husoma masomo ya msingi yakiwemo ya Biblia, hata kama amekuja kusoma uhasibu, Bugema ni ya Waadventista, kwa hiyo Jumamosi hakuna kipindi, IUIU ina kampasi ya wasichana peke yao Kabojja, na ina utaratibu wa mavazi. Familia nyingine hilo huliona neema, nyingine huliona mzigo. Liulizeni nyumbani kabla ya kulipa.

Lakini jina analolitafuta mwajiri ni la kozi, na kwa biashara kuna kipimo kizuri: uhasibu wa kitaaluma. Taasisi ya wahasibu, ICPAU, hutoa msamaha wa baadhi ya karatasi za mtihani wa CPA kwa wenye shahada zinazohusiana. Nendeni kitivoni mkaulize: wahitimu wenu wanasamehewa karatasi zipi, na barua ya msamaha ya mhitimu wa mwaka jana tunaweza kuiona? Mkuu wa idara anayejua kazi yake atajibu papo hapo na kutaja karatasi moja moja. Mwingine atakupa kipeperushi chenye picha ya wasichana wanaocheka chini ya mti.

Ulizeni pia idadi ya wahadhiri wa kudumu wa kozi hiyo. Mhadhiri wa kibarua si mbaya kwa asili yake, na wengine ndio wenye ujuzi wa kazini. Tatizo ni pale mmoja anapofundisha vyuo vitatu vya Kampala kwa wiki, kipindi cha saa nane kinaanza saa tisa na nusu kwa sababu ya foleni, na karatasi za mtihani zinasahihishwa miezi minne baadaye. Hapo ndipo alama zinapopotea.

Nimeona mtandaoni orodha za vyuo bora. Chuo kimoja binafsi cha Kampala kiko juu ya kingine katika orodha moja, na chini yake katika nyingine. Niamini ipi?
*Kijana wa Arua*

Ndugu, kila orodha iulize inapima nini. Webometrics, ambayo matangazo mengi ya vyuo hupenda kuinukuu, inapima uwepo wa chuo mtandaoni: nusu ya alama hutokana na tovuti nyingine zinazounganisha na tovuti ya chuo, asilimia 10 ni watafiti wake wanaotajwa zaidi, na asilimia 40 ni makala zilizo miongoni mwa zinazonukuliwa sana duniani. Chuo chenye fundi mzuri wa tovuti kinaweza kupanda bila maabara kuongezewa hata darubini moja.

Times Higher Education ina mlango mwembamba zaidi. Ili kupangiwa nafasi kwenye orodha yake ya dunia, chuo kinatakiwa kiwe na makala za utafiti zisizopungua 1,000 katika miaka mitano. Vyuo binafsi vyetu vingi vinaishi kwa ada na vinafundisha zaidi kuliko kutafiti, hivyo havifiki hapo. Kutokuwemo si ushahidi wa ufundishaji mbovu.

Na hakuna orodha hata moja kati ya hizo inayokuambia kama maabara ya uuguzi ina vifaa, au kama mhadhiri wa Takwimu hufika darasani. Ukitaka kutumia orodha, itumie kwa shahada ya uzamili na ya uzamivu, ambako utafiti wa msimamizi wako ndio chakula chako. Kwa shahada ya kwanza, iweke pembeni.

Niko kidato cha sita, nasoma Biolojia, Kemia na Hisabati. Nataka udaktari, na dada yangu anataka sheria. Serikalini tukikosa tutaenda binafsi. Je, vyuo binafsi vinavyochukua hata wenye alama ndogo vina hadhi sawa?
*Msichana wa Masaka*

Hapa, dada, habari inabadilika, kwa sababu katika fani hizi mbili chuo hakiamui peke yake nani anaruhusiwa kufanya kazi.

Kwanza uelewe jinsi vyuo vya serikali vinavyochuja, maana ndio uchujaji pekee unaoandikwa kwa namba. A ina pointi 6, B 5, C 4, D 3, E 2, na sabsidiari (ufaulu ulio chini ya E, au wa somo dogo la nyongeza) 1. Masomo mawili ya lazima kwa kozi huzidishwa kwa 3, la tatu linalohusiana kwa 2, na karatasi ya jumla (General Paper) pamoja na sabsidiari nyingine kwa 1. Kwa waliofanya kidato cha nne kwa mtaala wa zamani, kila daraja la juu (1 au 2) huongeza 0.3, kila krediti 0.2, na kila kufaulu tu 0.1. Msichana huongezewa 1.5. Tuseme umepata Biolojia B, Kemia C, Hisabati C, sabsidiari zote mbili ukafaulu, na kidato cha nne ulikuwa na madaraja ya juu sita na krediti mbili. Biolojia 15, Kemia 12, Hisabati 8, sabsidiari 2, kidato cha nne 2.2. Jumla 39.2, na 1.5 ya msichana inakufikisha 40.7. Chukua jedwali la kukata, yaani alama za chini zilizoingiza watu kila kozi, la mwaka uliopita la Makerere, Mbarara, Gulu na Busitema uone ulipo. Kama dada yako alikuwa miongoni mwa waliofanya kidato cha nne mwaka 2024, wa kwanza chini ya mtaala mpya, asitumie hesabu hii ya 0.3 na 0.2. Asubiri mwongozo wa mwaka wake.

Vyuo binafsi kwa kawaida havikati kwa jedwali hilo. Vinataka prinsipali katika masomo yanayohusika, na baadhi huongeza mtihani wa kuingia au mahojiano. UCU, kwa mfano, imekuwa na mtihani wa kuingia kwa sheria. Mtihani wa namna hiyo ni ishara njema, ila uliza unafanyikaje: karatasi ya saa mbili ukumbini, au fomu unayojaza ukiwa nyumbani? Hivyo viwili havilingani.

Kwa udaktari, chuo kiwe na vibali viwili. Kozi iwe imeidhinishwa na NCHE, halafu shule ya tiba iwe inatambuliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, UMDPC. Kozi ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi hospitalini, na bila usajili wa baraza hilo shahada yako haikuruhusu kumgusa mgonjwa. Kati ya binafsi zinazofundisha tiba kuna KIU kwenye kampasi yake ya Ishaka, Bushenyi, yenye hospitali yake ya kufundishia. UCU, inayofundishia hospitali ya Mengo, Kampala. Na IUIU kupitia shule yake ya tiba ya Habib, Kampala.

Hadhi ya shule ya tiba iko wodini. Nenda siku ya kazi, asubuhi, wakati madaktari wanapopita kuona wagonjwa, na uhesabu kwa macho: kitanda kimoja kimezungukwa na wanafunzi wangapi? Wakiwa sita au wanane, kila mmoja atasikiliza moyo wa mgonjwa yule. Wakiwa ishirini na tano, wa nyuma wanaona migongo ya wenzao tu, na mgonjwa naye amechoka. Uliza pia wagonjwa wanaolazwa kwa siku. Jengo jipya lenye vitanda vitupu halimfundishi mtu kushona kidonda. Mwisho uliza mahali pa kusomea anatomia: miili mingapi kwa wanafunzi wangapi. Wakikuambia wanatumia kompyuta peke yake, andika hilo.

Kwa dada yako wa sheria, kozi ni miaka minne, na Baraza la Sheria lazima liwe limekubali kozi ile, siyo NCHE peke yake. Baada ya hapo kuna Law Development Centre, LDC, ambako kila anayetaka kuwa wakili hupita kupata stashahada ya uanasheria. LDC ndiyo kioo cha vyuo vya sheria: wanaotoka Makerere, Mukono, Kansanga na Nkumba hukaa darasa moja na kufanya mtihani mmoja. Atafute wahitimu watatu wa chuo anachokitaka waliopita LDC, awaulize kitu kimoja tu: somo gani liliwashinda kwa sababu halikufundishwa vizuri chuoni? Majibu yakifanana, ameshajua udhaifu wa chuo hicho ulipo.

Wanaowaza uuguzi, Baraza la Wauguzi na Wakunga ndilo la kuulizwa. Uhandisi ni Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Njia ni ile ile: piga simu au nenda kwenye ofisi ya baraza, siyo ya chuo, utaje jina la chuo, jina kamili la kozi na kampasi. Kampasi ni muhimu. Kozi inaweza kuwa imeidhinishwa Ishaka na isiwe imeidhinishwa kwingine.

Chuo kilicho karibu nasi kina leseni ya muda tu, hakina hati ya kudumu. Ada yake ni nafuu. Ni hatari kumpeleka mtoto?
*Baba wa watoto sita, Kasese*

Mzee, si hatari yenyewe, ila ni sababu ya kuuliza zaidi. Chuo binafsi huanza kwa leseni ya muda kutoka NCHE. Kikishajenga, kikaajiri na kukaguliwa, huomba hati ya kudumu, ambayo hutolewa na Rais. Shahada ya chuo chenye leseni ya muda ni halali maadamu leseni ipo na kozi imeidhinishwa. (IUIU usiitafute kwenye orodha ya hati. Ilianzishwa kwa sheria yake yenyewe.)

Kinachotakiwa kukutia wasiwasi ni chuo kilichokaa miaka mingi mno na leseni ya muda bila kusogea. Chuo Kikuu cha Busoga kilifutiwa leseni na NCHE mwaka 2017, na waliokuwa katikati ya masomo ndio waliobaki kutafuta pa kuhamia. Upande wa pili, Kabale ilianza binafsi na leo ni ya serikali; Mountains of the Moon, hapo jirani yenu Fort Portal, nayo vivyo hivyo.

Tofautisha chuo na kozi. Hati ya chuo haiidhinishi kozi zake zote, na uidhinishaji wa kozi una muda wake, ukiisha kozi hupelekwa tena kukaguliwa. Mwaka 2023 kulikuwa na kelele kubwa ilipoonekana kwamba kozi nyingi, pamoja na za vyuo vikubwa vya serikali, zilikuwa zimepitwa na tarehe kwenye orodha ya Baraza, na baadhi ya Waganda wakapata shida na waajiri na vyuo vya nje vilivyoitazama orodha ile. Baraza lilieleza kwamba tarehe kupita hakubatilishi shahada za waliosoma kozi ikiwa halali. Hata hivyo, kwa mtu anayeanza sasa hakuna haja ya kuingia kwenye mjadala huo. Ingia kwenye tovuti ya NCHE, tafuta jina la kozi jinsi lilivyoandikwa kwenye barua ya udahili, neno kwa neno, na uhifadhi picha ya ukurasa huo pamoja na tarehe uliyoutazama. "Shahada ya Sayansi ya Kompyuta" na "Shahada ya Teknolojia ya Habari" ni kozi mbili, hata kama karani wa udahili anakuambia ni kitu kimoja.

Mimi ni Mkenya wa Busia, rafiki yangu ametoka Bunia, Kongo, na mwingine yuko Bukoba. Sote tunataka chuo binafsi Uganda. Shahada zetu zitakubalika nyumbani? Na vyeti vyetu vitakubalika huku?
*Msomaji wa mpakani*

Anzeni na vyeti vya sekondari, maana hapo ndipo wengi hukwama muhula wa pili wakiwa wameshalipa. Cheti cha sekondari cha nje husawazishwa na Baraza la Mitihani la Uganda, UNEB. Vyeti vya juu ya sekondari husawazishwa na NCHE. Wa Bukoba mwenye kidato cha sita hana safari ndefu, mfumo wake unafanana na wa huku. Wewe uliyesoma mfumo wa Kenya wa 8-4-4 (msingi miaka minane, sekondari minne, chuo kikuu minne) huna kidato cha tano na sita, kwa hiyo usikubali chuo kikuambie "njoo tu, tutarekebisha". Pata kwanza barua ya usawazisho. Ikisema cheti hakitoshi kuingia shahada moja kwa moja, kuna astashahada ya elimu ya juu, mwaka mmoja wa maandalizi, ambayo hata Mganda mwenye prinsipali moja na sabsidiari mbili huipitia. Hakikisheni nayo imeidhinishwa na NCHE kama kozi nyingine yoyote. Wa Bunia atahitaji Diplôme d'État yake, yaani cheti cha kumaliza sekondari Kongo, itafsiriwe kwa Kiingereza na mtafsiri anayetambuliwa, kisha ipelekwe UNEB pamoja na ya asili. Nakala tupu hurudishwa.

Kukubalika nyumbani ni kazi ya nyumbani. Mtanzania anatakiwa kupata cheti cha kutokuwa na pingamizi kutoka Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, kabla ya kwenda kusoma nje, na akirudi shahada yake hutambuliwa na TCU hao hao. Akikiruka cheti hicho mwanzoni, usumbufu unamngoja mwishoni. Wewe wa Kenya, kama ni sheria, soma kwanza Sheria ya Kenya School of Law ya mwaka 2012: inatazama pia alama zako za KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, zikiwemo za Kiingereza au Kiswahili, na jambo hilo limeleta mivutano mahakamani. Wengi wamemaliza miaka minne Uganda ndipo wakagundua mlango wa uwakili kwao umefungwa tangu kidato cha nne. Kwa tiba na uuguzi, ulizeni mabaraza ya kwenu moja kwa moja, kwa barua, na mtunze majibu.

Suala la ada: vyuo vingine hutoza wanafunzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki sawa na Waganda, vingine huwaweka pamoja na wageni wengine na kutoza kwa dola. Kongo iliingia Jumuiya mwaka 2022, lakini orodha za ada za vyuo vingine huenda bado zinamhesabu Mkongo kama mgeni. Mwenzenu aombe jibu kwa maandishi akinukuu uanachama huo.

Kuna mtu wa WhatsApp anasema anaweza kunipatia barua ya udahili chuo binafsi kwa saa moja, nimtumie pesa kwa simu. Anasema pia atanitafutia punguzo la ada. Barua yenyewe imekuja na ina muhuri. Nifanye nini?
*Mhitimu wa S.6, Jinja*

Usitume kwanza. Wapo mawakala halali wanaolipwa na chuo kwa kila mwanafunzi wanayemleta, na hao hawana haja ya pesa yako. Anayetaka umlipe yeye, kwa namba yake ya simu, ama anakuuzia kitu ambacho chuo hutoa bure au kwa ada ndogo ya fomu, ama barua ni ya kughushi. Muhuri hutengenezwa mtaani Nasser Road, Kampala, kabla chai haijapoa.

Chukua namba ya kumbukumbu iliyo kwenye barua uende ofisi ya udahili ya chuo mwenyewe, au upige namba iliyo kwenye tovuti ya chuo, siyo iliyo kwenye barua. Waombe wakuthibitishie jina, kozi, kampasi, na kama ni ya mchana, jioni au wikendi. Ada ilipwe benki au kwa mfumo wa malipo wa chuo wenye namba yako, kamwe si mkononi mwa mtu.

Punguzo nalo lisomwe vizuri. Tuseme tangazo linasema ada ni shilingi 1,800,000 kwa muhula na wakala anakupunguzia asilimia 20, yaani 360,000. Angalia kama punguzo ni la muhula wa kwanza tu. Mara nyingi ndivyo. Kisha omba karatasi ya malipo mengine: usajili, maktaba, kompyuta, mitihani, matibabu, serikali ya wanafunzi, kitambulisho. Yakifika 450,000 kwa muhula, unalipa 2,250,000, na kwa mihula sita ni 13,500,000, wakati kichwani ulikuwa na 10,800,000. Ongeza ada ya utafiti, mafunzo ya kazini na mahafali, ambazo hudaiwa mwaka wa mwisho, wakati mfuko umekauka. Vyuo vingi havikupi kadi ya mtihani kama deni halijaisha, na wapo waliozuiwa kufanya mtihani kwa deni la laki mbili tu.

Kama wewe ni Mganda na kozi yako ni ya sayansi, jaribu pia Bodi ya Ufadhili wa Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESFB. Mkopo wake unafika hata vyuo binafsi vilivyo kwenye orodha yao, hulipia ada, malipo ya lazima ya chuo na ya utafiti, lakini haulipii chumba wala chakula. Barua ya udahili ni miongoni mwa watakachokuomba. Ukiwapelekea ile ya WhatsApp, ndiyo siku utakayojua ni ya nani.